Kabla hujapanda basi kwenda kupiga MRI ya mgongo

Hapa Kigoma jambo hili limekuwa la kawaida. Mzee kiuno kinamsumbua tangu mavuno, watoto wanachangishana, mbuzi wanauzwa, na safari ya kupiga MRI, yaani picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku, inaanza: hospitali ya Bugando kule Mwanza, Benjamin Mkapa pale Dodoma, au taasisi ya mifupa ya MOI Muhimbili. Anarudi na bahasha kubwa yenye majibu kwamba diski mbili zimechakaa na moja imetokeza kidogo kwa nyuma. Maumivu ni yale yale, na akiba imekwisha. Mtaa wa pili yupo mwingine anayeumikwa chuku mwezi wa tatu sasa huku kifua kikuu (TB) kikimla pingili za uti wa mgongo, na huyo hakuna anayemchangia nauli kwa sababu "ni mgongo tu".

Wote wawili wamekosa kitu kimoja, nacho ni mpangilio wa uchunguzi. Kiuno huanza kuchunguzwa kwa maswali, yakafuata mikono, kisha vipimo vichache vya damu na mkojo. Picha huja baadaye, kujibu swali ambalo tayari lipo. Mwaka 2015 yalichapishwa mapitio ya tafiti yaliyokusanya picha za watu wasiokuwa na maumivu yoyote ya mgongo. Diski zilizochakaa zilikutwa kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20, asilimia 80 ya wenye miaka 50 na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Kwa hiyo mtu wa miaka 60 kuambiwa "pingili zimesagika" ni kama kuambiwa ana mvi. Huenda ni kweli, lakini hakuelezi kwa nini kiuno kimeanza kumuuma Jumanne iliyopita.

Kiuno kina pingili tano, na kati ya pingili na pingili kuna diski, ambayo ni gegedu gumu kwa nje lenye ute mzito katikati. Nyuma yake kuna viungo vidogo viwili kila ngazi, halafu ligamenti, yaani kamba ngumu zinazoshikanisha mifupa, na misuli. Kimojawapo kati ya hivi kinaweza kuuma, na mara nyingi haiwezekani kusema kwa hakika ni kipi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba takriban wagonjwa 9 katika kila 10 wa maumivu sugu ya kiuno wako kwenye kundi hili lisilo na ugonjwa maalumu. Maumivu yao ni ya kweli kabisa. Ila hakuna mfupa uliooza, hakuna uvimbe, na hakuna kitakachoharibika zaidi wakiendelea kutembea.

Sababu kubwa kwa watu wetu ni namna mzigo unavyobebwa. Chukua dumu la mawese la lita 20. Mawese ni mepesi kidogo kuliko maji, kwa hiyo ni kama kilo 18 bila dumu lenyewe. Ukilinyanyua umeinama, mikono imenyooka, dumu likiwa sentimita 40 mbele ya uti wa mgongo, misuli ya nyuma inavuta kutoka umbali wa kama sentimita 5 tu. Kwa hesabu rahisi ya nyenzo, misuli hiyo inalazimika kutoa nguvu mara 8 ya mzigo, yaani zaidi ya kilo 140, na hapo bado hujahesabu uzito wa kifua na kichwa chako. Dumu hilohilo likigusa tumbo, umbali unapungua hadi nusu na nguvu inapungua hivyohivyo. Mama anayeanika dagaa mchangani pale Kibirizi habebi kitu kizito, lakini anainama magoti yakiwa yamenyooka kwa muda mrefu akigeuza dagaa. Ligamenti zikivutwa muda mrefu hulegea polepole, na akisimama ghafla misuli hukaza kwa kishindo hadi mtu anashindwa kunyooka.

Maumivu ya aina hii huanza kwa tukio au kazi inayojulikana, huongezeka kwa kuinama au kukaa, hupungua ukibadili mkao, na kwa walio wengi hupungua sana ndani ya wiki 6. Katika wiki hizo, kama hakuna dalili za hatari nitakazozitaja, hakuna picha inayohitajika. Kinachohitajika ni kuendelea kutembea, dawa ya maumivu kwa siku chache kwa asiye na vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo wala ujauzito, na kuacha kulala kitandani mchana kutwa. Kulala zaidi ya siku moja au mbili hudhoofisha misuli na kurefusha ugonjwa. Yakivuka wiki 12 yanaitwa sugu, na hapo mtu anastahili kuchunguzwa upya kuanzia mwanzo, asiishie kuongezewa diklofenaki.

Sasa maswali. Mganga au daktari asiyekuuliza haya hajakuchunguza, hata akikupa karatasi ya MRI.

Maumivu yanakwenda wapi? Yakibaki kiunoni na matakoni, mara nyingi ni viungo na misuli. Yakishuka nyuma ya paja, yakapita goti hadi kwenye unyayo, yakiwa ya kuchoma kama umeme na yakiambatana na ganzi, mzizi wa mshipa wa fahamu umebanwa au umewashwa. Wengi wa hawa tatizo liko kwenye diski mbili za chini kabisa.

Usiku yakoje? Maumivu ya kazi hupata nafuu ukilala. Yanayozidi usiku na kukuamsha, wala hayapati nafuu kwa mkao wowote, yanatia shaka ya maambukizi au saratani. Halafu wako vijana chini ya miaka 40 wanaoamka nusu ya pili ya usiku, asubuhi wamekakamaa zaidi ya nusu saa, na wakianza kufanya kazi wanapata nafuu. Huo ni uvimbe wa viungo unaotokana na kinga ya mwili kujishambulia. Hupuuzwa kwa miaka kwa sababu kijana anaonekana mzima kufikia saa nne.

Unatembea umbali gani? Mzee anayelazimika kukaa kila baada ya hatua mia mbili kwa sababu miguu inakuwa mizito, lakini anasukuma baiskeli yenye mkaa kupanda mlima wa Mwanga bila shida, ana njia ya mishipa ya fahamu iliyokuwa nyembamba. Akiinama kwenye usukani njia inafunguka, akisimama wima inabana. Yule ambaye tatizo ni mishipa ya damu, akisimama tu bila kuinama anapata nafuu. Swali hili moja linatenganisha magonjwa mawili yenye tiba tofauti kabisa, na halina gharama yoyote.

Kisha dalili za hatari: homa, jasho la usiku, kupungua uzito, VVU, kuishi na mtu mwenye kifua kikuu, saratani ya zamani, kuanguka kutoka kwenye mti au bodaboda, na matumizi ya muda mrefu ya prednisoloni, dawa ya steroidi ya kushusha uvimbe. Na hapa kwetu naongeza mawili ambayo vitabu vya Ulaya haviyapi uzito: maziwa na ziwa. Nitayarudia.

Baada ya maswali, mikono. Kipimo cha kunyoosha mguu kinafanywa vibaya mara nyingi, kwa hiyo nakieleza taratibu. Mgonjwa alale chali, kichwa chini, bila mto mkubwa. Mpimaji ashike kisigino kwa mkono mmoja na kuweka mwingine juu ya goti ili lisikunjike, halafu anyanyue mguu polepole. Kuvuta nyuma ya goti au paja ni kukaza kwa misuli tu, na wengi tunako. Kipimo kinahesabika kuwa na jibu pale ambapo maumivu yaleyale ya mgonjwa yanatoka matakoni na kupiga chini ya goti, mguu ukiwa kati ya nyuzi 30 na 70. Mguu ukishushwa kidogo hadi maumivu yaishe, kisha unyayo ukisukumwa ili vidole vielekee usoni, maumivu yakirudi ushahidi unaongezeka. Na ukinyanyua mguu ule usiouma, maumivu yakapiga kwenye mguu mgonjwa, hiyo ni dalili nzito zaidi ya diski iliyotoka.

Halafu nguvu. Mgonjwa atembee kwa visigino, kisha kwa vidole. Anayeshindwa kwa visigino, au dole gumba lake la mguu linashuka kirahisi ukilisukuma, mzizi wa tano wa kiuno una shida. Anayeshindwa kwa vidole, na kano ya kisigino haishtuki ikigongwa kwa nyundo ndogo, ni mzizi wa chini yake. Mwisho, kila pingili igongwe taratibu kwa upande wa ngumi, moja baada ya nyingine. Pingili moja inayouma sana kuliko jirani zake, hasa kwa mtu mwenye homa au aliyekonda, haipaswi kuachwa bila picha.

Yako majina mawili yanayopoteza watu wengi. La kwanza ni "UTI", yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Mkojo wenye chembe chache za usaha kwa mwanamke asiyesikia kuungua wala kukojoa mara kwa mara hauelezi kiuno chake. Figo lenye maambukizi huuma ubavuni, chini ya ubavu wa mwisho, kwa homa na kutetemeka. Jiwe la figo huja kwa mawimbi, na mtu hatulii. Anazunguka chumbani, anajikunja, anasimama. Mwenye mgongo wa kawaida hataki hata kugeuzwa. Ubaya wa kugawa antibayotiki ya siprofloksasini ovyo ni kwamba kundi hilo la dawa hutuliza kifua kikuu kwa muda bila kukiponya, na ugunduzi unachelewa kwa wiki au miezi huku pingili inaendelea kuliwa. La pili ni "ngiri". Ngiri ya kweli ni uvimbe unaotokeza kinenani ukikohoa. Maumivu ya kiuno kwa mwanamume, yenye au yasiyo na malalamiko ya nguvu za kiume, hayaitwi ngiri kwa kukisia.

Kwa wanawake lazima pia kuulizwa hedhi, uchafu ukeni, maumivu wakati wa tendo, na ujauzito. Mjamzito asipigwe eksirei ya kiuno kwa mazoea. Na kiuno kinachobana na kuachia kwa mpangilio kabla ya wiki 37 kinaweza kuwa uchungu wa mapema.

Nirudi kwenye magonjwa ya kwetu, kwa sababu hapa ndipo ukawaida unapodanganya.

Kifua kikuu cha mgongo huja polepole. Maumivu ya wiki hadi miezi, uzito unashuka, homa za jioni, na mwishowe kibyongo kinachochomoza mahali pamoja. Wengi hawakohoi kabisa, na eksirei ya kifua inaweza kuwa safi. Hupenda makutano ya kifua na kiuno, kwa hiyo picha ya kiuno pekee inaweza kukikosa. Tiba ni miezi 9 hadi 12, dawa ni bure kwenye vituo vya serikali, na ikianza kabla ya miguu kulegea wengi hupona wakitembea.

Brusela ni ule ugonjwa unaofanya ng'ombe na mbuzi kutupa mimba. Binadamu huupata kwa maziwa yasiyochemshwa au kwa kushika kondo la nyuma bila kinga. Homa inakuja na kuondoka, jasho linatoka, viungo vinauma, kiuno na maungio ya nyonga kwa nyuma yanauma zaidi. Homa hiyo hutibiwa malaria, kisha taifodi, kisha malaria tena. Mfugaji wa Uvinza au Kibondo mwenye hadithi hii apimwe damu kwa ajili ya brusela. Dawa ni mbili au zaidi kwa angalau wiki 6, na ikiwa imeingia kwenye pingili huongezwa hadi wiki 12 au zaidi. Wanaoacha wiki ya tatu kwa sababu wamejisikia vizuri ndio wanaorudi.

Kichocho cha tumbo kipo kwenye maji ya Ziwa Tanganyika kandokando ya mji wetu. Kwa nadra, mayai yake hupotea njia na kukwama kwenye sehemu ya chini ya kamba kuu ya fahamu inayopita ndani ya uti wa mgongo. Huwapata zaidi watoto wakubwa na vijana. Kiuno kinauma, kisha ndani ya siku au wiki chache miguu inalegea na mkojo unagoma. Kinyesi kinaweza kisionyeshe yai hata moja, kwa hiyo historia ya kuoga na kuvua ziwani ndiyo inayomwamsha daktari. Dawa ya kichocho, prazikwanteli, pamoja na dawa ya kushusha uvimbe, zikitolewa mapema hospitalini, zinaweza kurudisha miguu.

Kwa mwanamume aliyepita miaka 50 mwenye maumivu mapya ya mifupa, fikiria tezi dume. Saratani yake hupenda pingili za kiuno. Mtoto mdogo anayelalamika mgongo hana "mgongo wa kazi"; apimwe selimundu (sikoseli), kifua kikuu na uvimbe wa tumboni, na asirudishwe nyumbani na panadoli peke yake.

Vipimo basi. Mwenye dalili za hatari anaanza na picha kamili ya damu (hesabu ya chembe zake), ESR au CRP (vipimo vya damu vinavyoonyesha kama kuna uvimbe au maambukizi mwilini), VVU, mkojo, na kulingana na hadithi yake brusela, PSA (kipimo cha damu cha tezi dume) au makohozi kwa GeneXpert, mashine ya kutafuta vimelea vya TB. ESR iliyopanda sana haikuambii ugonjwa ni upi, ila inakukataza kusema "ni misuli". Eksirei ipigwe mbili, ya mbele na ya ubavu. Mfupa hupoteza asilimia 30 hadi 50 ya madini kabla eksirei haijaonyesha, kwa hiyo eksirei safi ya mwezi wa kwanza haifuti TB wala saratani. Inapoonyesha, tazama diski. Pingili mbili jirani zimeliwa na diski katikati yake imetoweka: hayo mara nyingi ni maambukizi. Pingili imeliwa lakini diski zake zimebaki na kimo chake: hapo saratani inatiliwa shaka zaidi. Mtaalamu anaweza kusoma hili kwenye eksirei ya kawaida pale Maweni, hospitali yetu ya mkoa, bila mtu kuondoka mkoani.

Yapo mambo ambayo hayasubiri mpangilio huu wote. Ganzi kwenye sehemu inayogusa siti ya baiskeli, mkojo kugoma au kutoka bila kujijua, haja kubwa kutoka bila taarifa, miguu yote miwili kulegea, nguvu za kiume kupotea ghafla pamoja na ganzi hiyo. Hapo fungu la mishipa ya fahamu chini ya kiuno linabanwa, na upasuaji hufaa zaidi ukifanyika ndani ya saa 48. Hata kituo kisicho na MRI kinaweza kupima jambo moja muhimu: mgonjwa akojoe kadiri awezavyo, kisha altrasaundi ipime mkojo uliobaki. Zaidi ya mililita 200 pamoja na dalili hizo, rufaa iandikwe saa ileile. Usisubiri basi la kesho kutwa wala kikao cha ukoo.

MRI basi inafaa kwa hawa: wenye dalili hizo za dharura, wenye mguu unaozidi kulegea, wanaoshukiwa maambukizi au saratani, na wenye maumivu ya mguu yasiyopungua baada ya wiki 6 na ambao wako tayari kufanyiwa upasuaji. Kwa anayeshukiwa TB, barua ya rufaa iombe mgongo wote, kwa sababu ugonjwa unaweza kuruka pingili na kutua kwingine. Mashine ni sumaku kubwa isiyotumia mionzi. Kulala humo huchukua kama nusu saa, na lazima useme mapema kama una chuma chochote mwilini, hata kipande cha risasi cha zamani. Mgonjwa aende na eksirei zake za awali. Picha ya leo isiyo na ya kulinganisha nayo hupoteza nusu ya thamani yake.

Na kabla ya kwenda kliniki yoyote, andikeni kwenye nusu karatasi ya daftari: siku maumivu yalipoanza na kazi iliyokuwa ikifanyika, mchoro wa mtu ukiwa umepakwa wino mahali panapouma na penye ganzi, uzito wa sasa na wa miezi sita iliyopita kama unajulikana, dawa zote zilizomezwa pamoja na sindano na majina yake, mara ngapi anaamka usiku, na lini alikojoa vizuri mara ya mwisho. Mume au mke aulizwe pia, maana wazee wetu wengi watamficha daktari habari ya mkojo mbele ya watoto. Chumba kikiwa na watu wengi, ombeni watoke kwanza.